Mume Wangu, Mimi na Jarida la Kiitaliano

Ilianza kama utani. Jumapili mchana, pilau limeshaliwa, watoto wako nje na baiskeli, na wifi yangu kajikalia kwenye zulia anapekua lile boksi la majarida ambalo mume wangu haruhusu mtu aliguse bila kunawa mikono. Akatoa toleo la Vogue Italia la mwaka 2008, akatoa na jingine la 2018, akayafungua yote mawili mbele yake kama mtu anayelinganisha bei sokoni.

"Kaka, hivi ni macho yangu au hili jarida lilichuja?"

Mpenzi msomaji, kama una mume mwenye kitu anachokipenda kuliko chakula, iwe ni Simba, Yanga au njiwa wa kufuga, unajua swali la namna hiyo linavyoweza kuiharibu Jumapili. Wa kwangu si wa mpira. Ni mpiga picha, siku hizi yuko kwenye kampuni ya matangazo, na tangu nimfahamu hajawahi kulisikia jarida hilo likitajwa akanyamaza. Akaweka glasi ya maji chini taratibu.

"Halikuchuja," akasema. "Lilikufa. Lilikufa Desemba 22, 2016."

Hiyo ndiyo siku aliyofariki Franca Sozzani, mama aliyeliongoza tangu 1988. Nyumbani kwetu tarehe hiyo inajulikana kama siku ya kuzaliwa ya mtoto. Mimi nilikuwa jikoni nasuuza masufuria, nikasema moyoni, haya, imeanza.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila mwaka 2008 hutaelewa kwa nini watu wazima wanne waligombana juu ya jarida lililoandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nina cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga Sinza. Kazi zangu zilikuwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Wenzangu wenye wapenzi walikuwa wanaletewa chipsi kuku na vocha za simu. Mimi huyu kaka akaja jioni moja na bahasha ya kaki, ndani yake jarida zito kama tofali, limetoka London kwa binamu yake aliyekuwa anasoma huko. Toleo la Julai 2008.

Toleo lile lina historia yake. Miaka ile majukwaa ya Milano na Paris yalikuwa yamejaa wasichana weupe wanaofanana kama wametoka kiwanda kimoja, na ilikuwa kawaida onyesho zima kuisha bila kumwona mweusi hata mmoja. Kwenye biashara ya majarida watu walikuwa wanasema waziwazi kwamba mweusi kwenye kava hauzi. Franca akaamua kurasa za mitindo za Julai ziwe za weusi watupu. Picha akapiga Steven Meisel, yule yule aliyekuwa akimpigia makava tangu 1988. Kava zikawa nne: Naomi Campbell, Liya Kebede wa Ethiopia, Jourdan Dunn wa Uingereza na Sessilee Lopez wa Marekani. Ndani yumo Iman, Msomali ambaye safari yake ya mitindo ilianzia Nairobi, yumo Alek Wek aliyezaliwa Sudan Kusini, yumo Tyra Banks. Jarida likaisha madukani, Marekani na Uingereza, ikabidi lichapwe tena. Sasa yule aliyesema hauzi sijui alijificha wapi.

Na sisi hapa Bongo tulikuwa bado tunabishana juu ya Flaviana Matata. Mwaka mmoja kabla, 2007, alikwenda Miss Universe kule Mexico na kichwa chake kipara, akaingia kumi bora, lakini mtaani kwetu bado kulikuwa na kina mama wanaouliza msichana gani huyo asiye na nywele. Kwa hiyo unaweza kufikiria nilivyolishika lile jarida. Nililala nalo, kwa kweli.

Kiitaliano sikijui. Lakini Franca mwenyewe alilijua hilo mapema: nje ya Italia ni wachache wanaoisoma lugha yao, hivyo akaamua picha ndizo ziwe lugha. Ndiyo maana jarida la Milano liliweza kusomwa na msichana wa Sinza kwa taa ya chemli umeme ukikatika. Kwenye kurasa zile nilijifunza kwamba gauni linaweza kuwa na hasira. Kwamba bega linaweza kusema kitu. Nikanunua kitenge Kariakoo na mita mbili za satini nyeusi, nikakata gauni ambalo sikuwahi kuliona popote, nikalivaa kwenye kichen pati ya rafiki yangu. Shangazi wa bibi harusi alidhani nimevaa nusu ya nguo, nyingine nimeisahau nyumbani. Huyu kaka akanipiga picha nalo Kigamboni, kwenye kivuko, upepo unapiga. Miaka miwili baadaye tukaoana, na ile picha ikawekwa fremu. Mpaka leo iko ukutani sebuleni.

Turudi kwenye Jumapili yetu.

Mume wangu alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Julai 2005, wakati kila mtu Hollywood anajikata na kujivuta uso, Franca akatoa kurasa za Linda Evangelista akiwa na bandeji kama yuko wodini. Agosti 2010, baada ya mafuta kumwagika Ghuba ya Mexico, akatoa Kristen McMenamy kalala juu ya miamba kapakwa mafuta meusi kama ndege wa baharini anayekata roho. "Nguo za maelfu ya dola, kazipaka mafuta!" akasema, na macho yake yaling'aa kama mtoto. "Nani leo anathubutu? Leo unafungua unaona dada mzuri, gauni zuri, ukuta mzuri. Umemaliza. Hujakasirika, hujalia, hujapiga simu kwa mtu."

Wifi yangu ana miaka ishirini na mbili, anasoma ubunifu wa mavazi, na haogopi mtu. "Kaka, na zile hereni je?" Agosti 2011 tovuti ya jarida hilo hilo iliandika juu ya hereni kubwa za duara ikaziita hereni za watumwa. Watu wakawaka, wakaomba radhi, wakasema ni tafsiri mbaya, mwisho wakaziondoa. "Huyo naye ni Franca wako."

"Alikosea."

"Na Aprili 2014?"

Hapo hata mimi nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Toleo la Aprili 2014 lilihusu ukatili dhidi ya wanawake, na Meisel alipiga picha kama filamu za kutisha: mwanamke kalala, damu, gauni la bei mbaya. Nia ilikuwa kusema kwamba kwa wanawake wengi nyumbani kwao ndiko kwenye filamu ya kutisha. Mume wangu huwa anasema ile ndiyo kazi yake ya ujasiri kuliko zote. Mimi sijawahi kukubali. Nina dada yangu wa ukoo aliyepigwa na mumewe mpaka akapoteza mimba, na siku ile hakuwa amevaa vizuri. Kuna vitu ukivipiga picha nzuri umevidanganya. Lakini ona, miaka imepita na bado tunaligombania toleo lile. Hapo ndipo hoja ya mume wangu ina mfupa.

Shoga yangu wa benki, ambaye alikuja kula pilau tu maskini, akasema yeye hata haelewi tunachobishania, maana jarida la mitindo ni matangazo yaliyoshonwa pamoja yakapewa kava. Hakuna aliyemjibu.

Wifi akatoa simu. "Haya, kaka, hili nalo limekufa?" Akaonyesha toleo la Januari 2020. Mhariri wakati huo alikuwa Emanuele Farneti, aliyechukua nafasi mwaka 2017. Toleo lile hawakupiga picha za mitindo kabisa, waliwapa wachoraji wachore. Makava saba ya kuchora. Farneti alieleza sababu: kwa toleo lao la Septemba 2019, picha za habari nane tu ziliwahusisha watu 150, safari za ndege kama ishirini, magari arobaini yanasubiri, mizigo sitini ya kusafirishwa kimataifa, na taa zinazowaka saa kumi mfululizo. Wakaona basi, mwezi mmoja waache. Hela waliyookoa wakaipeleka Venice, kwenye taasisi ya Querini Stampalia iliyokuwa imeharibiwa na mafuriko ya Novemba 2019. "Na mmoja wa hao wachoraji," wifi akasema akimsogezea kaka yake simu puani, "ni Cassi Namoda. Kazaliwa Maputo. Msumbiji hapo, jirani yako! Franca alituweka mbele ya kamera. Hawa wamempa mwenzetu brashi."

Nilitamani kupiga makofi. Mume wangu akaitazama ile simu muda mrefu, akakubali kwa kichwa. "Nzuri. Hiyo ni nzuri. Na lile jeupe la Aprili nalo nakupa."

Lile jeupe nalikumbuka vizuri mno. Aprili 2020, corona imeikamata Italia, watu wa Lombardia wanakufa kwa mamia kwa siku. Toleo lilikuwa karibu kukamilika, wakaliweka pembeni. Wakatoa kava jeupe tupu, jina la jarida basi. Farneti aliandika kwamba nyeupe ni heshima, ni mwanga baada ya giza, ni rangi ya nguo za wale wanaohatarisha maisha yao kuokoa ya wengine. Mume wangu alinionyesha kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye fremu yangu ya ushonaji, mafundi wangu watatu nimewarudisha makwao, gauni nane za harusi zilizoahirishwa zimening'inia ukutani kama watu wanaosubiri basi. Sikusema kitu. Nililia kidogo, nikafunga, nikarudi nyumbani.

Kama tungeishia hapo, ingekuwa Jumapili nzuri. Lakini mume wangu akitaka kushinda, hushinda mpaka anashindwa.

"Sawa, Farneti alikuwa na kitu," akasema. "Wakamfanya nini? Ofisi kuu New York ikaamua kila nchi ifanane. Septemba 2020 matoleo yote 26 duniani mada moja, Matumaini. Desemba wakampa Anna Wintour usimamizi wa maudhui ya dunia nzima. 2021 wahariri wakuu wakaanza kuondoka: Farneti, yule wa Paris, wa Hispania. Aliyeletwa Milano hata cheo cha mhariri mkuu hakupewa, kaitwa mkuu wa maudhui ya uhariri. Maudhui! Stori moja inapikwa, inapakuliwa nchi kumi. Hilo siyo jarida. Hizo ni sare."

Sare.

Naomba nikueleze kilichokuwa juu ya friji. Kulikuwa na karatasi nne zilizobanwa na pini, mkataba wa miaka miwili na shule moja ya binafsi, kuwashonea sare. Mashati meupe mia sita, sketi, suruali, kila mwanzo wa mwaka, na malipo ya awali nusu. Ulikuwa umekaa pale tangu Alhamisi. Mume wangu aliusoma akiwa amesimama, akanitazama, akasema neno moja tu, "Sare?" Halafu akaenda kuoga. Kuanzia pale hakuna aliyeugusa wala kuutaja.

Nilitoka jikoni na sufuria mkononi.

"Na wewe unadhani walifanya hivyo kwa kupenda?" nikamuuliza. "Unadhani mtu anaamka asubuhi anasema leo nataka kila kitu kifanane? Matangazo yamehamia kwenye simu, jarida halinunuliki, watu wana mishahara ya kulipwa. Wewe uliacha kulinunua lini?"

Akanyamaza. Aliacha 2017. Hayo machache ya baadaye yaliyomo kwenye boksi ni zawadi.

"Unalilia jarida ambalo hata wewe hulilipii. Na unavyomsifia huyo Franca ndivyo unavyomsifia yule dada wa pale ukutani. Kila mgeni akija, mwone mke wangu, mwone alivyokuwa mbunifu. Alivyokuwa! Franca kafa, Mungu amrehemu. Na yule wa kwenye kivuko naye kafa. Aliyebaki ni mimi, baba watoto, na mimi nina kodi ya fremu."

Jamani, sikupanga kusema hivyo. Shoga yangu akasema eti jarida tu limetufikisha huku. Wifi akaanza kutafuta viatu. Mume wangu akainuka, akayarudisha majarida ndani ya boksi moja moja, kava kwa kava, akaingia chumbani.

Usiku sikupata usingizi. Saa saba nikaenda sebuleni, nikanawa mikono (mazoea), nikatoa Julai 2008. Miaka yote nilikuwa nalifungua kwa macho ya yule msichana wa kibarazani. Usiku ule nikalifungua kwa macho ya mtu anayejua kodi. Na nikaona kitu ambacho nadhani nilikiona zamani nikakipita: matangazo. Kurasa za Meisel zimejaa weusi, halafu unafunua tangazo la manukato, mweupe, tangazo la mkoba, mweupe, mweupe tena. Wenye hela hawakuwa wamekubaliana na Franca hata kidogo. Walimpa kurasa zake, wakabaki na zao. Na yeye alizitumia hela zao mwezi ule kuwapinga hapo hapo, ukurasa unaofuata. Sijui kama huo ni ujasiri au ni ujanja wa mama mwenye nyumba. Nilimpenda zaidi usiku ule kuliko 2008.

Mume wangu akatokea mlangoni, kajifunga shuka. Akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Mwezi wa tano huu sijashika kamera," akasema.

Sikuelewa. Akaniambia pale kazini wateja wakubwa wanaletewa picha zilizopigwa tayari huko Afrika Kusini au Dubai, kazi yao imebaki kutoa maneno ya Kiingereza na kuweka ya Kiswahili. Kamera yake iko kwenye kabati la ofisi. Yeye siku nzima anahamisha maneno. Alikuwa hajaniambia. Miezi mitano, na mimi nilikuwa nadhani kinachomrudisha amenuna ni foleni ya Bagamoyo Road.

"Nilivyosema sare sikuwa nakusema wewe," akasema.

"Ulinisema Alhamisi."

"Alhamisi ndiyo."

Tulikaa. Akalichukua jarida mkononi mwangu, akafunua mpaka ukurasa mmoja wa Naomi ambao naujua kama mstari wa kiganja changu, akaulizia taa ilikuwa imewekwa wapi, kama anayeniuliza mimi, na mimi nikamwonyesha kwa kidole kivuli cha chini ya kidevu. Tulibishana juu ya hiyo taa mpaka muadhini akaadhini.

Mkataba nilisaini Jumatano. Sitaki nikudanganye kwamba nilipata ufunuo. Nilipiga hesabu, ikakubali. Cherehani tatu ni za sare. Ya nne nimeiweka dirishani na nimewaambia wasichana asiguse mtu. Mpaka sasa ninapoandika haya imetumika mara mbili tu, moja kwa mto wa kochi, kwa hiyo usinipongeze. Mume wangu alirudi na kamera yake nyumbani, nayo iko juu ya friji pale pale palipokuwa na zile karatasi. Hatujaizungumzia.

Jumamosi iliyofuata wifi alikuja kuomba samahani ingawa hakuwa na kosa, na akaomba pia lile la Julai 2008 akawaonyeshe wenzake chuoni. Halijawahi kutoka humu ndani. Mimi na baba watoto tukatazamana.

"Litarudi lini?" akamuuliza.

"Ijumaa, kaka."

Akaingia ndani, akatoka na ile bahasha ya kaki ya London, mpaka leo ameitunza, akalitia humo.

"Na uwaambie," akasema, "wanawe mikono."